Mtandao wa mabweni: Wanafunzi wanapojiendeshea intaneti

MWANAFUNZI wa chuo anayeishi katika chumba cha kupanga mjini Kitengela hukabiliwa na gharama ambayo mzazi wake hakuijua enzi zake za chuoni. Mbali na karo, kodi na chakula, sharti awe na intaneti. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hufanywa mtandaoni. Usajili wa masomo, matokeo ya mitihani na kazi za kuandika katika vyuo vingi hupitia huko huko.

Ndani ya ua la chuo, tatizo hili lina jibu. Mtandao wa Elimu Kenya (KENET), shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka wa 1999, huziunganisha taasisi za elimu na utafiti ili zinunue huduma ya intaneti kwa pamoja badala ya kila moja kujitafutia. Lakini mara nyingi nafuu hiyo hukomea langoni. Mwanafunzi akirejea chumbani jioni, hujinunulia data ya simu kidogo kidogo, kwa bei ya rejareja.

Katika miji kadhaa duniani, wanafunzi walilitatua tatizo la aina hii kwa kuungana. Walikodi laini moja kubwa, wakatandaza nyaya wenyewe chumba hadi chumba, wakaunda kamati ya kuuendesha mtandao huo, na kamati haikulipwa mshahara. Baadhi ya mitandao hiyo imedumu kwa zaidi ya miongo miwili, ilhali waanzilishi wake walihitimu na kuondoka zamani.

Kwa nini mingine hudumu na mingine hufa? Jibu halimo katika nyaya, bali katika watu wanaozitunza.

Kaunti yenye wanafunzi waliotawanyika

Kajiado ni kaunti pana ya wafugaji ambayo ukingo wake wa kaskazini umegeuka kuwa sehemu ya jiji la Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,117,840 katika kaunti nzima. Kati yao, 172,570 walikuwa Ongata Rongai na 154,436 Kitengela, mji ulio kando ya barabara kuu ya kuelekea Namanga.

Kaunti hiyo ina taasisi kadhaa za elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilichopata hati ya kujitawala mwaka wa 2002, kiko upande wa Ongata Rongai. KAG East kiko Kitengela, na Taasisi ya Kiufundi ya Maasai iko katika mji wa Kajiado. Ng'ambo ya mpaka wa kaunti, huko Athi River, kuna bewa la Chuo Kikuu cha Daystar.

Mwanafunzi anayekosa nafasi katika bweni la chuo, au anayeona bei yake ni ghali, hupanga nje. Hivyo basi, neno bweni halina budi kupanuliwa hapa. Linajumuisha hosteli za watu binafsi na majumba ya ghorofa ambamo wanafunzi hupanga vyumba vilivyopakana, kila mmoja na simu yake na mzigo wake wa data.

Mwezi Machi 2020, serikali ilipozifunga taasisi za elimu kufuatia janga la Covid-19 na vyuo vikaanza kuhamishia masomo mtandaoni, tofauti kati ya mwenye intaneti nyumbani na asiyekuwa nayo ilidhihirika wazi. Masomo ya ana kwa ana yalirejea, lakini kazi nyingi za chuo zilibaki mtandaoni.

Maana ya mtandao wa jamii

Wataalamu huita mpango wa aina hii mtandao wa jamii. Usichanganywe na mitandao ya kijamii kama vile Facebook. Mtandao wa jamii ni mfumo wa mawasiliano ambao vifaa vyake vinamilikiwa na watumiaji wenyewe, unaendeshwa nao, na faida yake, ikiwapo, hurudishwa katika huduma.

Unatofautiana pia na desturi ya mpangaji mmoja kuvuta laini ya nyumbani kisha kuwauzia majirani. Huyo ni mchuuzi, na aghalabu anavunja mkataba wake na kampuni iliyompa laini, kwa kuwa vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu kuuziwa wengine. Siku akihama, jengo zima hukatika. Mtandao wa jamii una katiba, daftari la hesabu na viongozi wanaoweza kuondolewa.

Wazo lilikotoka

Mitandao ya mabweni ilishamiri Ulaya katika miaka ya 1990, wakati intaneti ya nyumbani ilikuwa ya polepole na ya bei ghali huku vyuo vikuu vikiwa na laini za kasi. Wanafunzi waliokuwa wakiishi hatua chache kutoka kwenye maabara za tarakilishi waliona ni jambo lisiloeleweka kukosa vyumbani kile walichokuwa nacho darasani.

Mjini Dresden, Ujerumani, wanafunzi waliunda kikundi kinachojulikana kama AG DSN, ambacho huhudumia maelfu ya wakazi wa mabweni. Wanaosajili wapangaji wapya, kutengeneza swichi zilizoharibika na kujibu malalamiko ni wanafunzi wanaojitolea. Wakazi hutoa ada ndogo inayonunulia vifaa. Mjini Prague, katika mabweni ya Strahov, kazi kama hiyo hufanywa na klabu ya wanafunzi iitwayo Silicon Hill.

Kisa cha Ufaransa huenda kikamgusa msomaji zaidi, kwa kuwa matunda yake yamo katika tarakilishi na simu nyingi hapa Kenya. Katika chuo cha École Centrale Paris, mtandao wa makazi ya wanafunzi uliendeshwa na chama chao, VIA Centrale Réseaux. Mtandao huo ulikuwa wa kizamani na wa polepole, na wanafunzi walitaka mpya. Ili wawashawishi wafadhili, walihitaji sababu nzito kuliko michezo ya tarakilishi.

Sababu waliyoipata ni televisheni. Badala ya kila chumba kuwa na dishi lake la setilaiti, dishi moja lingetosha iwapo picha zingesambazwa kwa mtandao wa kasi. Mradi huo ulianza mwaka wa 1996. Mnamo 2001, programu waliyoiandika kwa kazi hiyo ilitolewa kwa umma bila malipo, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Programu hiyo ndiyo VLC, ambayo mamilioni ya watu huitumia kutazama filamu.

Kisa hicho kinafunza kwamba mtandao wa bweni ni karakana pia. Mwanafunzi anayekesha akitafuta kwa nini ghorofa ya tatu haina intaneti anajifunza jambo ambalo mtihani wa kuandika hauwezi kumfundisha.

Mifano ya karibu

Barani Afrika, mitandao ya jamii ilianzia zaidi vijijini na katika mitaa ya mapato ya chini kuliko katika mabweni. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa Kanisa Katoliki huko Gulu ulianza mwaka wa 2007 kuziunganisha kambi za waliotoroka vita. Ulitumia redio za masafa marefu na umeme wa jua.

Nchini Afrika Kusini, wanakijiji wa Mankosi katika mkoa wa Eastern Cape waliunda ushirika uitwao Zenzeleni kwa usaidizi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Jina hilo la Kixhosa lina maana ya "jifanyieni wenyewe".

Hapa Kenya, mfano unaotajwa sana ni TunapandaNET katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Ulianzishwa na taasisi ya Tunapanda, ambayo huwafunza vijana stadi za kidijitali, na huunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zilizofungwa juu ya mapaa. Mafunzo na mtandao husaidiana: vijana wanaojifunza kazi ndio wanaopanda mapaani kuifanya.

Kajiado nayo haikuwa nyuma kabisa. Shirika la ALIN, ambalo husambaza habari kwa wakazi wa maeneo kame, lilifungua vituo vya maarifa huko Isinya na Nguruman. Humo wafugaji na wakulima walipata tarakilishi na intaneti ambazo hawangeweza kuzinunua mmoja mmoja.

Jinsi unavyofanya kazi

Mtandao wa bweni una sehemu tatu. Ya kwanza ni laini inayoingia kutoka kwa kampuni ya mawasiliano, iwe kwa faiba, kwa redio au kwa setilaiti. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, na EASSy mwaka uliofuata, Kenya haitegemei tena setilaiti pekee kuwasiliana na ulimwengu.

Sehemu ya pili ni ruta, kifaa kinachopokea laini hiyo na kuigawanya. Ya tatu ni usambazaji ndani ya jengo: nyaya zinazotoka kwenye swichi za kila ghorofa, au vifaa vya Wi-Fi vilivyofungwa koridoni. Waya wa shaba wa kawaida haupaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi chumbani. Wi-Fi nayo hudhoofishwa na kuta za mawe na saruji, hivyo kifaa kimoja kilichowekwa kwenye ghorofa ya chini hakiwezi kulihudumia jengo zima, hata kiwe ghali namna gani.

Majengo mawili yanaweza kuunganishwa kwa antena zinazotazamana. Uwanda wa Kitengela ni tambarare, jambo linalosaidia, lakini antena hizo hutaka kuonana bila kizuizi. Ghorofa mpya ikijengwa katikati, kiungo hukatika. Aidha, antena iliyo juu ya paa huhitaji kinga ya radi, na swichi huhitaji betri ya akiba ili umeme ukipotea mtandao usizimike wote.

Ugumu halisi, hata hivyo, ni ugawaji. Mathalan, hosteli ina vyumba 60 vinavyotumia laini moja ya megabiti 100 kwa sekunde. Wote wakiitumia kwa wakati mmoja, kila chumba kitapata chini ya megabiti mbili. Kwa kawaida hawaitumii wote pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya kununua kwa ushirika kuwa na nafuu. Lakini mmoja akipakua filamu ya gigabaiti moja na nusu bila kizuizi, anaweza kuimeza laini yote kwa muda wa dakika mbili huku mwenzake akihangaika kutuma kazi kabla ya saa sita za usiku.

Kwa hiyo ruta huwekewa kanuni: kila chumba kipate kiwango chake cha chini, na masomo yatangulie burudani saa za jioni. Kanuni hizi ni za kiufundi zikiandikwa kwenye ruta, lakini ni za kisiasa zikijadiliwa. Nani aseme filamu ya mwanafunzi wa uigizaji si masomo? Ndiyo maana hujadiliwa katika mkutano wa wakazi wote, wala haziachiwi fundi mmoja mwenye nenosiri.

Kuna njia nyingine ya kupunguza mzigo. Iwapo wakazi 60 wanahitaji programu ileile ya gigabaiti moja, laini hubeba gigabaiti 60. Programu hiyo ikihifadhiwa mara moja katika seva ndogo ndani ya jengo, laini hubeba gigabaiti moja tu. Vitabu, mihadhara iliyorekodiwa na nakala ya Wikipedia vinaweza kukaa humo humo na kusomwa hata laini ya nje ikikatika.

Kenya ilijifunza somo hili kitaifa. Kabla ya kituo cha KIXP kuanzishwa jijini Nairobi mwishoni mwa mwaka wa 2000, barua pepe kati ya kampuni mbili za Nairobi ilizunguka ng'ambo ndipo irudi. Kituo hicho kilifungwa kwa amri ya serikali majuma machache baada ya kuanza, Telkom Kenya ilipolalamika kwamba kiliingilia haki yake ya kipekee. Kilifunguliwa tena mwaka wa 2002. Cha nyumbani kikibaki nyumbani, gharama hushuka.

Hesabu za fedha

Kujitolea hakumaanishi bure. Wanaojitolea hutoa muda wao, lakini laini hulipiwa, swichi huungua na betri huchakaa.

Hosteli ya vyumba 60 ambayo kila chumba hutoa Sh300 kwa mwezi hukusanya Sh18,000. Sehemu ya fedha hizo hulipia laini. Sehemu nyingine sharti iwekwe akiba ya kununulia kifaa kitakachoharibika, kwa kuwa kitaharibika. Kikundi kinachotumia kila shilingi kuongeza kasi husifiwa muhula wa kwanza na kulaumiwa wa pili.

Likizo ni mtihani mwingine. Wanafunzi wengi huondoka, michango hupungua, na ankara ya laini haijui likizo. Vikundi makini hukusanya ada ya muhula mzima mapema, au huafikiana na kampuni ipunguze laini miezi hiyo. Fedha hupokewa kwa akaunti ya kikundi, si kwa simu ya mweka hazina, na hesabu hubandikwa ukutani pale kila mkazi anapopita.

Mwenye jengo naye ana nafasi yake. Nyaya hupita katika kuta zake na antena hukaa juu ya paa lake. Makubaliano ya maandishi yanayotaja nani anamiliki vifaa, na vitaondolewaje, huepusha mzozo siku ambapo mwenye jengo atabadilisha nia au atauza.

Sheria inavyosema

Vifaa vya kawaida vya Wi-Fi hutumia masafa ambayo hayahitaji leseni ya mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, anayetoa huduma ya mawasiliano kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa miaka mingi leseni zilitungwa kwa ajili ya kampuni za biashara, na vikundi vidogo havikuwa na mahali pa kuingia.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 2021, mamlaka hiyo ilipotoa mwongozo wa leseni na matumizi ya pamoja ya masafa kwa mitandao ya jamii. Chini yake, kikundi kisichotafuta faida, kinachodhibitiwa na jamii yenyewe, kinaweza kupewa leseni ya kuhudumia eneo la kaunti ndogo.

Kigezo hicho cha eneo kina uzito Kajiado. Ongata Rongai iko Kajiado Kaskazini, Kitengela iko upande wa Kajiado Mashariki na mji wa Kajiado uko Kajiado ya Kati. Wanafunzi wa Kitengela wanaotaka kuungana na wenzao wa mji wa Kajiado hawana budi kuzingatia mipaka hiyo tangu mwanzo.

Sheria mbili nyingine zinawahusu wanaojitolea moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayekusanya majina na nambari za simu za watu azilinde na asizitumie kwa jambo jingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 huharamisha kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini. Msimamizi wa ruta ana uwezo wa kujua tovuti anazotembelea jirani yake. Uwezo huo ni amana, na kikundi kinachofumbia macho anayeuchezea huipoteza imani ambayo hakuna kifaa kinachoweza kuirudisha.

Iwapo huduma za kibiashara zimeenea, kuna haja gani ya taabu yote hii? Huduma ya setilaiti ya Starlink ilipoanza nchini Julai 2023, wengi walidhani tatizo limekwisha. Lakini mwezi Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kuwapokea wateja wapya katika kaunti tano zikiwemo Nairobi na Kajiado, kwa sababu uwezo wake eneo hilo ulikuwa umejaa. Ilianza kuwapokea tena mwezi Juni 2025. Uwezo wa mtandao wowote una kikomo. Walio wengi wakiununua pamoja na kuugawana kwa kanuni, huwafaa zaidi kuliko wakiugombania.

Adui ni kuhitimu

Hatari kubwa kwa mtandao wa bweni si radi wala wezi wa nyaya. Ni kuhitimu. Kila mwaka kikundi hupoteza wanachama wake wenye ujuzi zaidi, na hupokea wapya wasiojua lolote. Kampuni ikikumbwa na hali hiyo huajiri. Kikundi cha kujitolea hakina cha kuajiria.

Mwelekeo wa kufa hufanana kila mahali. Fundi mmoja hodari huanzisha, hujenga na hutatua kila tatizo. Wenzake humtegemea, na yeye hufurahia kutegemewa. Nenosiri liko kichwani mwake. Anapopata kazi mbali na mji, mtandao huendelea kwa miezi michache, kisha hitilafu ya kwanza hutokea na hakuna anayejua ruta imefichwa wapi.

Vikundi vinavyodumu huwa na desturi chache zisizo na gharama. Kila kazi hufanywa na watu wawili, mmoja mzoefu na mmoja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ramani ya nyaya huchorwa na kuhifadhiwa, na kila badiliko huandikwa daftarini na tarehe yake. Manenosiri huwekwa mahali salama panapojulikana na viongozi zaidi ya mmoja, na hubadilishwa kiongozi anapoondoka. Zamu hupangwa ili anayejitolea naye apate muda wa kusoma, kwani msimamizi anayeanguka mitihani kwa ajili ya mtandao huwafukuza wote waliotaka kumfuata.

Isitoshe, vikundi hivyo huwakaribisha wasiosomea tarakilishi. Mwanafunzi wa uhasibu huweka hesabu, wa sheria husoma mkataba wa mwenye jengo, wa ualimu huandika mwongozo unaoeleweka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hosteli ya Kitengela au ya mji wa Kajiado inayotaka kuanza, hatua ya kwanza basi si kununua antena. Ni kuitisha mkutano wa wakazi, kuhesabu wanachotumia kwa data kila mwezi, na kuuliza ni wangapi watakuwa bado wanaishi hapo mwaka ujao. Hao ndio watakaoshika ruta. Hao ndio wa kufunzwa kwanza.